Zamu ya Kijiweni na Usalama wa Abiria wa Bodaboda

Basi la jioni linaposimama kituoni, abiria huwa hajakanyaga ardhi bado, na begi lake tayari limeshikwa na mikono mitatu. Mmoja avuta huku, mwingine avuta kule, wa tatu amekwisha kuwasha pikipiki na kutaja nauli iliyo chini kidogo ya ile ya wenzake. Abiria huondoka na aliyeshinda kwa nguvu, ambaye si lazima awe ndiye dereva mzuri. Katika kituo kingine, kilomita chache mbele, basi lile lile husimama na hakuna anayekimbia. Dereva aliye mbele ya mstari husogea na kupokea mzigo, na walio nyuma yake husukuma pikipiki zao hatua moja. Pikipiki za vituo hivyo viwili ni za aina moja, na madereva ni vijana wa rika moja, pengine waliosoma darasa moja. Kinachovitofautisha ni zamu.

Bodaboda ni huduma ya kata kama zilivyo maji na zahanati, ingawa haikujengwa kwa bajeti ya ofisi yoyote. Jina lake lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960, ambako waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo baina ya vituo vya nchi hizo mbili, wakinadi safari kwa kulirudia neno la Kiingereza la mpaka. Baiskeli zikageuka pikipiki, biashara ikavuka mipaka mingine, na nchini Tanzania ikawekewa utaratibu wa leseni kwa kanuni za mwaka 2010 zilizohusu pikipiki za magurudumu mawili na matatu. Siku hizi viongozi huwaita madereva hawa maafisa usafirishaji. Vijiweni jina hilo hutamkwa kwa tabasamu, lakini kazi inalistahili, kwa kuwa katika vijiji vingi hakuna chombo kingine kinachofika mlangoni mwa mtu masika na kiangazi.

Raha ya pikipiki haina budi kutajwa, kwani asiyeielewa hawezi kuelewa kwa nini kijana aliyevunjika mguu mwaka jana amerudi barabarani mwaka huu. Chombo cha cc 125 au 150, kinachotumia petroli kidogo, humwezesha mtu aliyekuwa akisubiri lori la mazao kuondoka saa aitakayo. Hupita njia ya ng'ombe, daraja la magogo na tuta la shamba la mpunga. Dereva mzoefu hulijua kila shimo, hujua mlango wa kila mteja na mbwa wa kila mlango. Alfajiri yenye ubaridi, barabara ikiwa tupu na mlio wa injini ukiwa umetulia, kuna furaha isiyolipwa na nauli. Ndiyo inayomfanya dereva asugue spoku hadi zing'ae, abandike picha za timu yake ya mpira, na aandike maneno ya busara kwenye kinga-tope. Kwa wengi wao hicho ndicho chombo cha kwanza chenye thamani kubwa walichowahi kukabidhiwa. Mkazi naye ana raha yake: dawa ya mgonjwa kufika kabla ya usiku, gunia la mahindi kwenda mashineni na kurudi likiwa unga mchana uleule.

Nyuma ya raha hiyo ipo hesabu. Neno hilo, katika lugha ya kijiwe, lina maana ya fedha ambazo dereva humpelekea mwenye pikipiki kila siku, apate abiria asipate. Madereva wengi si wamiliki wa vyombo wanavyoendesha. Wapo wanaopeleka hesabu kwa tajiri miaka nenda rudi bila kumiliki kitu. Wapo walio kwenye mkataba, yaani hulipa kiasi kikubwa zaidi kwa muda uliokubaliwa, aghalabu mwaka mmoja au zaidi kidogo, na mwisho wake pikipiki huwa mali yao. Wapo pia madeiwaka, wanaoazimwa pikipiki kwa saa chache mwenye zamu anapopumzika. Huyu wa mwisho ndiye mwenye haraka kuliko wote, kwa sababu siku yake ni fupi kuliko ya wote.

Chukulia mfano wa dereva anayepaswa kupeleka hesabu ya Sh 8,000 kwa siku na kuweka petroli ya Sh 7,000, huku nauli yake ya kawaida ikiwa Sh 1,500. Safari kumi za kwanza si zake. Ni za tajiri na za kituo cha mafuta. Safari ya kumi na moja ndiyo ya kwanza kuingiza chakula nyumbani kwake. Sasa weka madereva ishirini wa namna hiyo katika kijiwe kimoja ambacho wakazi wake husafiri mara 240 kwa siku. Wakigawana kwa zamu, kila mmoja hupata safari kumi na mbili, na kila mmoja hurudi nyumbani na chochote. Wakigombania, na wale kumi wenye mbio zaidi wakapata safari kumi na sita kila mmoja, wale kumi waliobaki hupata nane. Hao hawakutimiza hesabu. Kesho wataanza siku wakiwa na deni, nao watakimbia kuliko waliowashinda jana.

Abiria bado ni wale wale 240. Mbio hazikuongeza hata mmoja. Zilichoongeza ni petroli iliyoungua na idadi ya madereva wanaoendesha wakiwa na hofu ya deni. Hapo ndipo ushindani wa kijiweni unapokuwa jambo la usalama, na wala hauwezi tena kuitwa ugomvi wa vijana tu.

Ushindani huo una sura nyingi. Upo baina ya kijiwe na kijiwe, pale dereva aliyemshusha abiria katika eneo la wengine anapothubutu kuchukua abiria wa kurudi naye. Upo baina ya bodaboda na bajaji, ambayo hubeba watu watatu kwa nauli ndogo kwa kila mmoja, na huwa na paa wakati wa mvua. Upo pia ule usio na fedha ndani yake, wa jioni barabara ikiwa nyeupe, vijana wawili wakitazamana pembeni na kila mmoja akizungusha mkono wa mafuta ili ajulikane nani mwenye chombo na nani mwenye moyo. Huu wa mwisho hauondolewi na zamu yoyote. Kwa mashindano ya pikipiki upo mchezo rasmi, wenye uwanja wake, mavazi ya kinga na madaktari wa akiba. Barabara ya kata, yenye mbuzi, watoto na trekta lisilo na taa, haina lolote kati ya hayo.

Yafaa kuonyesha haraka hizo huleta nini. Safari ya kilomita tatu kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa huchukua dakika nne na nusu. Kwa kilomita 60 kwa saa, mwendo unaozidi kikomo cha 50 kilichowekwa na sheria katika maeneo ya makazi, huchukua dakika tatu. Faida yote ni dakika moja na nusu. Gharama yake huonekana pale mtoto anapotokeza ghafla. Akili ya binadamu huhitaji kiasi cha sekunde moja kutambua na kushika breki, na katika sekunde hiyo pikipiki inaendelea kwa mwendo uleule. Kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima, dereva wa kilomita 40 atasimama baada ya takribani mita 23. Wa kilomita 60 atahitaji takribani mita 44. Kwenye changarawe, au matope mekundu baada ya mvua, umbali huo huongezeka sana, na abiria mmoja mwenye gunia huurefusha zaidi.

Breki zenyewe zina somo lake, na ni somo ambalo madereva wengi waliojifunza kwa kuazima pikipiki ya rafiki hawakupewa. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wa chombo na watu huhamia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini na kushika barabara vizuri, ilhali la nyuma huwa jepesi na kuteleza kwa urahisi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha chombo hutoka kwenye breki ya mbele. Imani iliyoenea vijiweni kwamba breki ya mbele huua, na kwamba mguu peke yake unatosha, imetokana na kuikamata kwa kushtuka, tena kwenye mchanga au kwenye kona. Inayokamatwa taratibu na kuongezwa, chombo kikiwa kimenyooka, pamoja na ya nyuma, huokoa mita nyingi. Dereva ambaye ameifungua kabisa breki ya mbele, na hao wapo, anabeba watu kwa chini ya nusu ya uwezo wake wa kusimama.

Kuhusu kofia ngumu maneno ni mengi na sababu za kuikataa ni nyingi vilevile: joto, harufu ya aliyeivaa kabla, nywele zilizosukwa jana. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa takribani asilimia 69. Ganda la nje si lenye kazi kubwa kuliko yote. Kazi kubwa hufanywa na povu gumu la ndani, ambalo hubonyea na kumeza kishindo ambacho kingepokelewa na fuvu. Povu hilo likishabonyea halirudi. Kofia iliyowahi kupata ajali, hata ikipakwa rangi mpya, ni kikapu tu. Na kofia isiyofungwa mkanda kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini. Tatizo la harufu na usafi lina dawa nyepesi, nayo ni kitambaa chembamba chini ya kofia. Jijini Kigali abiria hupewa kofia kabla hajakaa, na dereva hubeba abiria mmoja tu. Desturi hiyo imezoeleka kiasi kwamba anayeikataa ndiye huonekana wa ajabu.

Mshikaki, yaani kupakia abiria wawili au watatu katika pikipiki moja, ni mtoto wa hesabu. Dereva aliyekosa safari zake hutafuta kuzipata zote katika safari moja, na abiria hukubali kwa sababu nauli hugawanywa. Mtu wa tatu humsogeza dereva hadi juu ya tangi, mikono yake hubanwa, na uzito uliorundikana nyuma hulifanya gurudumu la mbele liguse barabara kidogo tu. Usukani huwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Kanuni za 2010 hutaka abiria mmoja, na hukataza kupakia mtoto aliye chini ya umri wa miaka tisa. Wazazi wanaowapeleka watoto wa darasa la kwanza shuleni kwa bodaboda ya mwezi, watatu kwa pamoja, hawana budi kulitazama upya jambo hili, maana hapo dereva halazimishi mtu. Ni mzazi anayemwita na kumlipa.

Zamu huendeshwaje basi? Kijiwe kilichojipanga huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliochaguliwa na madereva wenyewe, na orodha ya wanachama yenye namba inayoonekana kwenye kizibao cha kuakisi mwanga. Anayefika kwanza asubuhi hukaa mbele. Anayerudi kutoka safarini huenda mkiani. Ni kweli kwamba hata hapo anayewahi kurudi hutangulia, lakini tofauti huwa nafasi moja au mbili, si kumpata abiria au kumkosa kabisa. Dakika ile moja na nusu hupoteza thamani yake. Anayemvutia abiria nje ya mstari hulipa faini, na faini huingia kwenye mfuko wa misiba na magonjwa. Mfuko huo nao ni kinga ya barabarani kwa njia isiyoonekana, kwa kuwa dereva mwenye homa ambaye atasaidiwa na wenzake hana sababu ya kupanda pikipiki akitetemeka ili kutimiza hesabu.

Utaratibu huu hauna haki ya kusifiwa bila masharti. Mstari haujui nani ni dereva mzuri, na abiria anaweza kujikuta akikabidhiwa kwa aliye mbele ambaye pumzi yake inanukia pombe. Kijiwe kinachojiheshimu humwondoa huyo kwenye mstari kabla abiria hajalalamika. Kisichojiheshimu humlinda kwa sababu ni mwenzao. Abiria hana wajibu wa kisheria wa kufuata mstari, na vijiwe vingi huruhusu mteja kumpigia simu dereva anayemwamini bila kuvunja zamu. Kasoro nyingine ni kiingilio. Madereva wakishajipanga hupata kishawishi cha kufunga mlango, na kiingilio kikawa kikubwa kiasi cha kumfukuza kijana mgeni, au mwanamke, ambaye katika kazi hii bado ni mmoja kati ya wengi. Barabara si mali ya kijiwe. Kijana aliyefungiwa nje haachi kazi. Huhamia gizani, akabeba abiria usiku bila namba wala kizibao, na ushindani uliofukuzwa mchana hurudi usiku ukiwa mbaya zaidi. Kiingilio kinachoweza kulipwa kidogo kidogo ni bora kwa kila mtu, wakiwemo wale wanaokitoza.

Kabla ya zamu zipo nyaraka. Dereva anapaswa kuwa na leseni ya udereva ya daraja la pikipiki, na chombo kinapaswa kuwa na usajili, bima na leseni ya usafirishaji. Leseni hii ya mwisho iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, lakini madereva wengi huikata kwa jina la matumizi binafsi kwa kuwa ni nafuu. Siku ya ajali ndipo hugundulika kwamba bima hiyo haihusu safari ya kubeba abiria kwa malipo, na aliyevunjika mguu hubaki na familia yake. Abiria ana haki ya kuuliza, na dereva mwenye bima sahihi hujibu bila kukasirika.

Mzizi wa mbio ukiwa ni hesabu, basi kumiliki chombo ni hatua ya usalama pia. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kijiwe chenye katiba, akaunti na kumbukumbu za michango kimekwisha kuvuka nusu ya safari ya kuwa kikundi kinachokopesheka. Kijiwe cha kugombania hakina karatasi ya kuonyesha. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye huanza kupokea maombi na kueleza masharti yaliyopo kwa wakati huo.

Yapo pia mambo madogo ambayo abiria huyafanya mwenyewe. Bomba la moshi katika pikipiki nyingi liko kulia, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa kushoto huepusha ile alama ya kuungua iliyo kwenye ndama za miguu ya watu wengi. Khanga, mtandio na kamba ya mfuko vifungwe visifikie mnyororo wala spoku. Mama mjamzito aliyepata uchungu asikimbiziwe pikipiki kabla ya kupigwa namba 115, ambayo haitozwi malipo na ni ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Na ajali ikitokea, majeruhi asikalishwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine ili akimbizwe hospitali, jambo linalofanywa kwa nia njema karibu kila mara. Uti wa mgongo uliopata ufa huweza kukatika njiani. Alazwe sawasawa, kofia isivuliwe ikiwa anapumua vizuri, na gari litafutwe. Fomu ya polisi PF3 ichukuliwe mapema, kwani madai ya bima huihitaji.

Malalamiko kuhusu dereva, nauli, vurugu za kituoni au kijiwe kilichoziba mlango wa duka au geti la shule hupokelewa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na kwa mtendaji wa kata. Mlalamikaji ataje namba ya kizibao, namba ya pikipiki inayoanza kwa herufi MC, mahali na saa. Mwenyekiti wa kijiwe huitwa kwanza, kwa kuwa aghalabu yeye hulimaliza jambo siku ileile. Lililo la jinai huenda polisi moja kwa moja. Kijiwe ambacho hakijasajiliwa kinaweza kuanza kwa kupeleka kwa mtendaji wa kata orodha ya majina ya madereva, namba za vyombo vyao na jina la aliye mbele ya mstari asubuhi hiyo.